TEKKEN, PANDA NA MTANDAO WETU: KWA NINI MTU MZITO NDIYE WA KUJIFUNZA

Leo naacha siasa kidogo, ingawa mtaona huko mbele kwamba siasa imejificha humo humo. Nataka tuongelee gemu. Na kabla mzee wangu mmoja hajaanza kuguna, niseme mapema: siongelei dubwi wala mikeka. Hili tatizo la lugha linatuumiza. Ukisema gemu, mzazi anaona ile mashine ya kuchezea sarafu kwenye kona ya baa. Hata ile bodi ya serikali inayosimamia kamari, kwa Kiingereza ina neno hilo hilo la gemu kwenye jina lake, lakini sheria yake ya mwaka 2003 inahusu michezo ya kubahatisha. Tekken si bahati nasibu. Ukifungwa Tekken umefungwa na mtu.

Sasa tuje kwenye hoja. Kila anayeanza kucheza gemu za kupigana anauliza swali moja: nichukue nani? Na kila banda hapa mjini jibu ni lile lile, chukua mwepesi. Tangu enzi za Tekken 3, iliyotoka kwenye PlayStation mwaka 1998, tunamjua Eddy Gordo. Unabonyeza vitufe vya mateke bila hata kuangalia, jamaa anajizungusha chini, mpinzani anachanganyikiwa, umeshinda. Gun Jack hakuna anayemtaka. Kuma na Panda ni wa kucheka tu, unamchukua dubu ukiwa unataka kumtania mshkaji.

Mi nasema tumekosea, na sababu zinazofanya tukosee si za gemu peke yake.

Mtu mzito ni yupi? Ni yule mwenye mwili mkubwa, mwendo wa taratibu, halafu akikupata mara mbili tatu raundi imekwisha. Kwenye Street Fighter ni Zangief, yule Mrusi wa mieleka aliyekuwepo tangu Street Fighter II ya mwaka 1991. Kwenye Tekken ni akina Jack na hao dubu. Kasoro zao zinaonekana hata na mtoto. Mwili mkubwa unapigwa na kombo ambazo kwa mwembamba zingepita pembeni. Hatua zao fupi. Anayerusha vitu toka mbali anawatesa.

Lakini anayeishi Babati hahitaji kuelezwa sana, maana ziwa letu lina viboko. Kiboko akiwa ndani ya maji unamwona kama gogo. Mvuvi hamwogopi kwa mbio zake, anaogopa mahali alipo yeye mwenyewe: usijikute umesimama kati ya kiboko na maji. Zangief ni hivyo hivyo. Mwendo wake ndo mzito, mkono wake si mzito. Ule mtupo wake wa kuzungusha fimbo duara zima huwezi kuukinga. Ukishakuwa karibu naye, kukinga si dawa, ni lazima uruke au uwe umeshaondoka. Jack naye kwenye Tekken za sasa ngumi yake fupi ya kwanza inatoka kwa fremu 10, sawa kabisa na ya hao wembamba mnaowasifia. Watu wengi hawajui hilo. Wanaona jitu linatembea kama trekta wanadhani kila kitu chake ni trekta.

Nimetaja fremu, ngoja nieleze, maana hapa ndo penye utamu. Gemu hizi zinachora picha 60 kwa sekunde moja. Kila picha ni fremu, kwa hiyo fremu moja ni kama milisekunde 17. Mtu wa kawaida akiona kitu, mpaka kidole kibonyeze, inapita kama robo ya sekunde, yaani fremu 15 hivi. Pigo la fremu 10 hakuna anayeliona akalikinga. Unalikisia. Pigo zito la fremu 25, hilo mchezaji mzuri analiona linakuja, anakinga, kisha anakuadhibu. Ndiyo maana watu wanasema mtu mzito hafai: mapigo yake makubwa yanaonekana.

Sasa ingiza mtandao wetu. Uko hapa Babati, unacheza na mtu wa Ulaya kwa bando la simu. Ukipima pingi, yaani muda wa habari kwenda na kurudi, mara nyingi inavuka milisekunde 150. Tuseme 180. Maana yake akibonyeza yeye, habari inakufikia wewe baada ya milisekunde 90, fremu 5 au 6. Gemu mpya kama Street Fighter 6 ya mwaka 2023 na Tekken 8 ya mwaka 2024 zina ujanja: zinakisia mpinzani atafanya nini, zikikosea zinarudisha picha nyuma na kusahihisha. Ujanja huo unasaidia sana, ila hauwezi kukuonyesha kitu ambacho hakijafika. Unachoona ni pigo likiwa tayari limeanza, zile fremu za mwanzo zimerukwa. Ongeza na ile televisheni ya banda, ambayo hakuna aliyewahi kuiweka kwenye mpangilio wa gemu, nayo inachelewesha fremu zake kadhaa.

Piga hesabu mwenyewe. Pigo la fremu 25, toa 15 za macho na kidole, zinabaki 10. Toa 6 za mtandao. Toa 4 za televisheni. Umebaki na sifuri.

Umeona? Pigo ambalo ukiwa umekaa kochi moja na mpinzani lingekingwa, kwenye mtandao mbovu halikingiki. Kuchelewa kunatoza ushuru macho. Na mtu mwepesi ndiye anayeyategemea macho zaidi: anasubiri uteleze akuadhibu, anaangalia kwanza ngumi yake imeingia ndo aendelee na kombo. Vyote hivyo vinaharibika. Mtu mzito anayeishi kwa kukisia, kukaa mahali sahihi na kupiga pigo moja la maana, ushuru wake ni mdogo. Wakati mwingine kuchelewa kunamlipa kabisa.

Kwa hiyo kijana wa Bagara akiniuliza achukue nani kwa mtandao huu tulionao, namwambia mzito. Kiukweli hapo ningeweza kuishia. Lakini kuna mtego.

Mtego ni kwamba ushindi huo nusu yake ni wako na nusu ni wa mnara wa simu. Dogo anaingia mtandaoni na Jack, anapiga yale mapigo mazito, wazungu wanaanguka, anapanda daraja, anajiona mfalme. Siku anapanda basi kwenda Arusha au Nairobi kwenye mashindano ya ana kwa ana, wachezaji wamekaa meza moja, hakuna mtandao, televisheni nzuri. Yale mapigo yote yanakingwa. Anatolewa raundi ya kwanza na nauli imekwenda. Hakufundishwa na gemu, alifundishwa na kuchelewa.

Kwa hiyo kuna namna mbili za kumjifunza mtu mzito, na ni moja tu inayokuvusha Minjingu. Tazama mfano huu. Desemba 2018, Amsterdam, fainali za dunia za Tekken World Tour. Aliyechukua ubingwa ni Mkorea anayejiita Rangchu, na alichukua na Panda. Panda huyo huyo wa kutaniana! Kipindi hicho wengi waliwahesabu dubu kati ya watu dhaifu wa Tekken 7. Na mashindano yalikuwa jukwaani, ana kwa ana, hakuna mtandao wa kusingizia. Alishindaje basi? Ukitazama mechi zile utaona hapigi sana. Anasogea nusu hatua, anarudi, anatumia urefu wa ile mikono kuwaweka wapinzani mahali wasipopapenda, na kwa kuwa wengi hawajawahi kumsoma dubu, hawajui pigo gani linaadhibiwa na lipi haliadhibiwi. Mtu asiyechezwa na watu ana faida ya kutojulikana. Hilo halitokani na mtandao, linatokana na wewe kukaa naye miaka.

Nikikutana na dogo anayeanza, huwa namwambia asahau mapigo makubwa kwa wiki nzima. Acheze na ile ngumi fupi na hatua zake tu. Ajue kwa macho ni umbali gani mpinzani akisimama hamfikii, na akiongeza nusu hatua anamfikia. Anakasirika, maana anafungwa kila siku. Baadaye akirudisha lile pigo kubwa linakuwa na maana, kwa sababu mpinzani sasa anaogopa mambo mawili, ngumi fupi na mtupo, hilo la tatu linamkuta amejikunja. Pigo zito halimpati mtu kwa sababu ni zito au kwa sababu mtandao umeganda. Linampata kwa sababu alikuwa anasubiri kitu kingine.

Sasa siasa. Kwa nini vijana wetu hawafanyi hivi?

Kwanza ni bei ya kufungwa. Banda letu linaendeshwa kwa mechi: anayefungwa anatoka, na mara nyingi ndiye anayelipa. Huo ni mfumo wa biashara, simlaumu mwenye banda, naye ana umeme wa kulipa na kodi ya chumba. Ila fikiria mfumo huo unafundisha nini. Kujifunza mtu mzito maana yake kukubali kufungwa mara nyingi mwanzoni. Kila kufungwa ni hela. Dogo mwenye mia tano mfukoni hawezi kununua somo hilo, atachukua Eddy abonyeze mateke akae kwenye kiti muda mrefu zaidi. Anafanya hesabu sahihi kabisa. Matokeo yake banda zima linacheza mtu mmoja kwa miaka, hakuna anayejua kumkaba mtu mzito, hakuna anayejua kuwa mtu mzito. Anayejifunza ni yule ambaye nyumbani kwao kuna televisheni na PS yake mwenyewe. Tunarudi pale pale pa kila kitu nchi hii.

Pili ni umbali. Taa ndani ya mkongo inakimbia kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Toka Dar mpaka Frankfurt kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,000, na mikongo ya baharini haiendi kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi, hata dunia ingekuwa haina foleni, ni milisekunde 70 na ushee. Hakuna bando la kulimaliza hilo, hata wakuuzie 5G ya dhahabu. Dawa ni seva kuja karibu. Na kampuni kubwa zikisema zimeleta seva Afrika, maana yake mara nyingi ni Afrika Kusini. Dota 2 ina seva zake huko. Microsoft walifungua vituo vyao vya data Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon wakafuata Cape Town mwaka 2020. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa kituo Kenya, kutumia umeme wa jotoardhi wa Olkaria. Kutangaza na kufungua ni vitu viwili, tunajuana.

Na hata huko Afrika Kusini njia ni nyembamba. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Mnakumbuka siku zile, hata ujumbe wa WhatsApp ulikuwa unazunguka. Halafu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku hizo gemu lilikuwa jambo la mwisho kichwani mwa mtu, na sitaki kulichanganya hilo na Tekken. Naitaja kwa sababu moja: anayejenga ujuzi wake wote juu ya mtandao amejenga kwenye uwanja wa mtu mwingine.

Kitu kinachonishangaza zaidi ni cha karibu. Tekken na Street Fighter mkishakutanishwa, mara nyingi mnaunganishwa moja kwa moja, wewe na mpinzani. Kutoka Babati mpaka Arusha ni kama kilomita 170. Kwa mwendo wa taa haifiki hata milisekunde moja. Tungepaswa kucheza na vijana wa Arusha kama vile wamekaa kochi la pili. Kwa nini haiwi hivyo? Kwa sababu wewe uko mtandao huu wa simu na yeye mtandao ule, na safari ya habari inaweza kuzunguka mpaka Dar ndo irudi Arusha. Vituo vya kubadilishana data ndani ya nchi vipo, TIX Dar es Salaam na AIXP Arusha, vimewekwa ili habari za ndani zibaki ndani. Lakini kipande cha mwisho, kutoka mnarani mpaka kwenye PS yako kupitia hotspot ya simu, hicho hakitulii. Na kinachoua gemu ni kutotulia kuliko kuchelewa. Pingi ya 120 iliyosimama unaizoea. Pingi ya 60 inayoruka ghafla mpaka 300 huwezi kuizoea hata uwe Mkorea. Mi mwenyewe laini ya kampuni moja, sitaitaja, ikifika saa mbili usiku natoa kabisa.

Watu wataniambia: basi sisi ndo basi, tungoje seva. Hapana. Tazama Pakistan. Mwaka 2019 kijana wa Lahore, Arslan Siddique, jina la gemu Arslan Ash, alishinda EVO Japan, na Agosti mwaka huo huo akashinda EVO yenyewe Las Vegas, kwenye Tekken 7. Dunia nzima iliuliza Pakistan imetoka wapi, maana kwenye ramani ya mashindano haikuwepo. Yeye akawaambia nyumbani kwao wapo wengine wanaomfunga, na walipokwenda kuangalia wakakuta kweli. Ujuzi ule ulipikwa kwenye mabanda ya mashine mitaani, watu wamekaa bega kwa bega. Arslan si mtu wa wazito, sidanganyi. Namtaja kwa ajili ya banda. Na karibu zaidi, Mkenya Sylvia Gathoni, Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani ya UYU mwaka 2018 kwa Tekken 7. Kutoka Nairobi, kwa mtandao wa ukanda huu huu, na ni binti, nyie mnaofukuza mabinti mabandani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mtandaoni chukua mzito kwa sababu utashindana na mtu wa Ulaya bila kuonewa sana. Bandani chukua mzito huyo huyo ili ujue ni ushindi upi ulikuwa wako. Pigo likiingia mtandaoni na likakingwa bandani kila mara, liweke alama, hilo ni la mnara.

Linabaki suala la hela, na hapa nawageukia wenye mabanda wa Bagara na Babati yote, najua mnapita humu. Asubuhi kabla ya saa sita mabanda mengi yanakaa matupu, PS zimezimwa. Mngekuwa tayari kuuza saa nzima kwa bei ya mechi chache, watu wawili, anayefungwa asitoke? Ni bei gani isiyowatia hasara ukipiga na umeme? Wekeni hesabu zenu kwenye maoni hapo chini tuzijadili. Na wewe mchezaji, taja mtu unayemchukua na umekaa naye muda gani. Wa Eddy mnaruhusiwa, ila mjieleze.